Sekunde za kijani nazo ni mali, zipigiwe hesabu

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetafuta fremu huanza na swali moja: hapa watu wanapita? Akikuta kona yenye taa za barabarani, magari yamesimama pande zote nne, daladala zinashusha na kupakia, na wachuuzi wanakimbilia madirisha na maji, karanga na chaja za simu, huamini kwamba amefika sokoni. Dalali naye analijua hilo, na kodi ya kona hupandishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo, wingi wa magari yaliyosimama si ushahidi wa biashara inayokua. Mara nyingi ni dalili ya makutano yanayokaribia ukomo wa uwezo wake, na makutano yakifika hapo hayaachwi yalivyo. Hupanuliwa, hufungwa upande mmoja, huzuiwa kukata kulia, au hujengewa barabara ya juu. Kila moja ya hatua hizo hubadilisha thamani ya kona, na mara nyingi hubadilisha kabla mkataba wa pango haujaisha. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anayeweka fedha zake karibu na taa anahitaji kujua jambo ambalo dalali hawezi kumwambia: makutano haya yamebakiza miaka mingapi?

Swali hilo lina jibu, na jibu lake hupatikana kwa kujumlisha na kugawanya tu. Kinachokosekana ni desturi ya kuliweka hadharani.

BIDHAA ISIYOONGEZEKA

Saa moja ina sekunde 3,600, kwa jiji tajiri na kwa jiji maskini. Kwenye makutano yenye taa, sekunde hizo hugawanywa kwa zamu, na upande mmoja ukipewa zaidi lazima mwingine upunguziwe. Ni bidhaa isiyoagizwa kutoka nje wala kuongezwa na bajeti.

Mstari mmoja wa magari madogo ukifunguliwa taa, baada ya magari machache ya kwanza kushika mwendo, hupitisha gari moja kwa kila sekunde mbili hivi. Ndiyo kusema kama taa ingekuwa ya kijani saa nzima, mstari huo ungepitisha magari 1,800. Hakuna mstari unaopewa saa nzima. Ukipewa sekunde 30 katika kila mzunguko wa sekunde 120, umepewa robo ya saa, na uwezo wake ni magari 450.

Juu ya hapo kuna makato. Kila zamu inapobadilika, zapata sekunde nne hupotea bila faida: dereva wa mbele anachelewa kuondoka, na mwishoni lazima katikati pasafike kabla ya upande mwingine kuruhusiwa. Zamu nne hula sekunde 16 katika kila mzunguko. Kwa mzunguko wa sekunde 120, mizunguko ni 30 kwa saa, na sekunde zinazopotea ni 480. Hizo ni dakika nane katika kila saa ambazo barabara iliyojengwa kwa fedha nyingi haimpitishi mtu.

Malori na daladala huongeza uzito wa hesabu. Lori refu linalotoka bandarini kupitia Barabara ya Mandela halihesabiwi kama gari moja, kwa kuwa linachukua nafasi na muda wa magari madogo mawili au zaidi. Bodaboda huchukua pungufu ya gari moja. Daladala inayosimama mita chache baada ya taa inaweza kuufunga mstari mzima wakati taa yenyewe ni ya kijani, na hapo sekunde zinaliwa bila mtu kuziona zikiliwa.

DAFTARI LA MAKUTANO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makutano nayo yana daftari lake, na la mipango ya muda mrefu ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Mhandisi anayepanga taa za kesho asubuhi anahitaji kujua kila sekunde. Anayepanga miaka 10 au 20 ijayo ana swali moja tu: idadi ya mistari na mpangilio wa zamu vitatosha?

Njia yake ni hii. Huchukuliwa saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Huhesabiwa magari ya kila mstari. Katika kila zamu huchaguliwa mstari mmoja tu, ule wenye magari mengi kuliko yote, kwa sababu huo ndio unaoamua zamu iwe ndefu kiasi gani; mistari mingine itapita ndani ya muda huo huo. Kisha mistari hiyo mizito, mmoja kwa kila zamu, hujumlishwa.

Mwongozo wa Marekani wa kupima uwezo wa barabara, katika toleo la 1985, uliweka vipimo vinavyokumbukwa kwa urahisi. Jumla ikiwa magari 1,200 kwa saa au pungufu, makutano yana nafasi. Ikiwa kati ya 1,200 na 1,400, yanakaribia kujaa. Ikipita 1,400, yamezidiwa. Matoleo ya baadaye yalibadili kipimo kuwa uwiano wa magari na uwezo: hadi asilimia 85 makutano ni salama, na kuanzia hapo yanahesabiwa kuwa karibu na ukomo. Haisubiriwi asilimia 100 kwa sababu magari hayaji kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Dakika moja huja 20, inayofuata huja manane. Makutano yasiyo na akiba huangushwa na basi moja lililozimika.

Namba za Marekani hazifai kubebwa nzima nzima hadi Buguruni au Mwenge, ambako bodaboda na bajaji zina tabia zao. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile, na mahali inapoweza kupimwa upya kwa magari ya hapa ni barabarani penyewe, kwa karani mwenye saa na daftari.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Makutano yana njia nne, kila moja ina mistari miwili ya kuingilia. Kutoka kaskazini yanaingia magari 840 kwa saa, kati yao 160 yanakata kulia. Kutoka kusini ni 760, na 160 yanakata kulia. Mashariki ni 700, na 140 yanakata kulia. Magharibi ni 660, na 140 yanakata kulia. Kwa kuwa wanaokata kulia hawana mstari wao, kila upande unaruhusiwa peke yake. Mistari mizito ni 420, 380, 350 na 330. Jumla ni 1,480. Makutano yamezidiwa.

Sasa wanaokata kulia wapewe mstari wao mfupi, na pande zinazotazamana ziruhusiwe pamoja: kwanza wanaokata kulia wa pande zote mbili, kisha wanaokwenda moja kwa moja. Kaskazini moja kwa moja ni magari 340 kwa mstari, yakijumlishwa na 160 ya kusini yanayokata kulia ni 500. Mashariki na magharibi, kwa hesabu hiyo hiyo, ni 280 na 140, yaani 420. Jumla mpya ni 920. Magari hayajapungua hata moja. Zamu bado ni nne. Kilichobadilika ni mistari minne mifupi na mpangilio, na makutano yaliyokuwa yamezidiwa yamekuwa na nafasi.

ASKARI NA SAA YAKE

Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kuona askari wa usalama barabarani akisimama katikati ya makutano na kuzipuuza taa. Upande mmoja unaruhusiwa dakika tano, mwingine unangoja. Madereva hulalamika, lakini askari hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anaona foleni ndefu na anataka kuimaliza. Hesabu inaonyesha kwa nini anasukumwa huko, na kwa nini haimsaidii sana.

Mtafiti wa Uingereza F. V. Webster alichapisha mwaka 1958, chini ya maabara ya utafiti wa barabara ya nchi hiyo, kanuni ya kutafuta mzunguko unaofaa wa taa. Zichukuliwe sekunde zote zinazopotea katika mzunguko, zizidishwe kwa moja na nusu, ziongezwe tano, kisha zigawanywe kwa sehemu ya saa iliyobaki bila kudaiwa na mistari mizito. Kwa zamu nne zenye kupoteza sekunde 16, kinachogawanywa ni 29. Mistari mizito ikidai asilimia 70 ya uwezo wa mstari mmoja, mzunguko unaofaa ni sekunde 97. Ikidai asilimia 80, ni 145. Ikidai asilimia 90, ni 290.

Hapo ndipo penye siri. Kutoka asilimia 80 hadi 90 mahitaji yameongezeka kidogo, lakini mzunguko umekuwa mara mbili. Mzunguko mrefu wa askari ni homa, na homa si ugonjwa bali ni dalili yake. Kwenye mfano wa hapo juu, makutano yenye jumla ya 1,480 yanataka mzunguko wa sekunde zipatazo 163. Yale yale, yakiwa na mistari ya kukata kulia, yanatosheka na sekunde 60 hivi.

Faida ya kurefusha nayo ni ndogo. Kwa zamu nne, mzunguko wa sekunde 120 unaacha sekunde 104 za kufanya kazi, na uwezo wa jumla ni magari 1,560 kwa saa. Mzunguko wa sekunde 300 unaacha 284, na uwezo ni 1,704. Ongezeko halifiki asilimia 10. Gharama yake ni kwamba anayefika taa ikiwa imefunga, akiwa kwenye upande wenye robo ya muda, atangoja sekunde 225 badala ya 90. Kama kwenye mstari wake linafika gari moja kila sekunde tisa, nyuma yake watapanga 25 badala ya 10. Magari 25 ni foleni ya mita 150 au zaidi. Foleni hiyo huziba midomo ya barabara ndogo, mlango wa kituo cha mafuta, na mwanzo wa mstari wa kukata kulia kama upo. Kilichopatikana kwa kurefusha zamu hupotea kwa kuzibwa huko.

Gharama hiyo inamfikia mwenye mtaji mdogo moja kwa moja. Daladala inayotumia dakika 120 kwenda na kurudi, ikifanya kazi saa 14, inapata safari saba. Makutano mawili yakiongeza dakika tano tano kila upande, safari inakuwa dakika 140, na safari za siku ni sita. Safari moja kati ya saba imekwenda. Dereva bado anadaiwa hesabu ya tajiri jioni, mafuta yameungua zaidi, na abiria wamechoka. Mwenye lori la kubeba mzigo kutoka Kariakoo, mwenye pikapiki ya kusambaza vinywaji na mwenye duka anayengoja mzigo wote wanalipa kodi hiyo hiyo isiyo na risiti.

Ni kweli kwamba wapo wanaokula kwa foleni. Kwa mchuuzi wa maji na karanga, taa nyekundu ndiyo mlango wa duka. Biashara yake ni halali na inalisha familia. Lakini haiwezi kuwa sababu ya kuacha makutano yafe, kwa sababu wanaolipa kuchelewa ni wengi kuliko wanaouza kwa kuchelewa.

MIAKA MINGAPI IMEBAKI

Daftari la leo halitoshi. Kinachomhusu mwekezaji ni ukuaji. Makutano yenye jumla ya 920 yatafika 1,400 lini? Magari yakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, itachukua miaka 14. Yakiongezeka kwa asilimia 5, ni kati ya miaka minane na tisa. Yakiongezeka kwa asilimia 8, ni miaka mitano na nusu. Tofauti ya asilimia chache, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, ndiyo tofauti kati ya mkopo kulipwa na mkopo kumfia mtu mkononi.

Nani anajua asilimia sahihi? Takwimu za sensa zinafundisha unyenyekevu. Mwaka 2002 Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.5 hivi. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, ongezeko la asilimia 5.6 kila mwaka. Mtu aliyeendeleza mwendo huo hadi 2022 angetarajia watu zaidi ya milioni saba na nusu. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728, yaani ongezeko la asilimia mbili na kidogo kwa mwaka.

Je, hiyo ina maana kwamba barabara zilipumua? Hapana. Anayelala Kibaha au Mkuranga na kufanya kazi mjini hahesabiwi Dar es Salaam usiku wa sensa, lakini asubuhi anahesabiwa kwenye taa. Bodaboda na bajaji nazo ziliongezeka kwa mwendo wake, bila kufuata idadi ya watu. Kwa sababu hiyo mpango wa makutano unaotaja ukuaji wa namna moja tu usiaminiwe. Mpango wa kweli hutoa makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu, na huonyesha makutano yatajaa mwaka gani kwa kila kadirio. Mfanyabiashara mzoefu hufanya hivyo hivyo anapokadiria bei ya mahindi kabla ya mavuno.

Aidha, kuna mtego mwingine. Makutano yakitengenezwa vizuri huvuta magari yaliyokuwa yakipita vichochoroni kuyakwepa. Akiba iliyotarajiwa kudumu miaka minane inaweza kuanza kuliwa mwezi wa kwanza. Hilo halifanyi ukarabati kuwa bure. Linamtaka anayepanga ahesabu makutano ya jirani pamoja, wala asihesabu moja kama kisiwa.

KONA NI YA NANI

Mistari mifupi ya kukata kulia inahitaji ardhi, na ardhi hiyo haiko hewani. Kwenye kona nyingi inakaliwa na meza za biashara, magari yaliyoegeshwa, bodaboda zinazongoja abiria, na vibanda vilivyoanza kwa mwavuli vikaishia kwa bati. Hapa ndipo wafanyabiashara wanapopaswa kujitazama wenyewe kabla ya kuitazama Serikali. Mita tatu za upana kwa urefu wa magari 10 zinaweza kuokoa makutano mazima, na mara nyingi wanaozikalia ni wafanyabiashara wale wale wanaolalamika kwamba mzigo unachelewa.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za zamani. Wananchi waliojifunza maana yake kwa vitendo ni wengi. Alama ya X nyekundu ukutani ilimaanisha aliyejenga ndani ya hifadhi na asiyelipwa, na X ya kijani ilimaanisha anayestahili fidia. Mwaka 2017 nyumba na maduka mengi yaliyokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi. Somo lake kwa mwenye mtaji mdogo halijapitwa na wakati: kona inayong'aa kwa wateja inaweza kuwa ndani ya michoro ya mtu mwingine.

Lakini haki ina pande mbili. Ikiwa wafanyabiashara wanatakiwa kuachia kona, waambiwe mapema, waonyeshwe hesabu, na wapewe pa kwenda. Mtu anayeambiwa kwamba makutano yatajaa baada ya miaka sita, na kwamba mstari wa kukata kulia utajengwa mwaka wa nne, atapanga kuhama kwake kama anavyopanga kulipa mkopo. Anayeamshwa na tingatinga hapangi lolote. Usiri wa namba ndio unaozaa ukaidi kwenye kona.

BARABARA YA JUU SI DAWA YA KILA KONA

Yako makutano ambayo hesabu yake haina jibu jingine. TAZARA, panapokutana Barabara ya Nyerere na ya Mandela, magari ya uwanja wa ndege, ya viwandani na malori ya bandari yalikuwa yanagombania sekunde zile zile. Barabara ya juu ya Mfugale, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ilifunguliwa Septemba 2018. Ubungo, panapokutana Barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma, palijengwa makutano ya ngazi tatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, yakafunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Kijazi. Miradi yote miwili ilikuwa na sababu nzito.

Hata hivyo, inafaa kukumbuka namna inavyofanya kazi. Pale TAZARA, wanaofuata Barabara ya Nyerere moja kwa moja wanapita juu, wakati wengine wanaendelea kugawana zamu za taa chini. Barabara ya juu imetoa mkondo mkubwa kwenye daftari, haikulifuta daftari. Magari yaliyopita bila kusimama pia hayapotei. Yanafika mapema kwenye taa zinazofuata, na kama hizo zilikuwa zimebakiza miaka mitano, sasa zimebakiza pungufu.

Kwa mfanyabiashara, mabadiliko ya Ubungo yalikuwa makubwa kuliko barabara yenyewe. Mwezi huo huo wa Februari 2021 kilifunguliwa kituo cha mabasi cha Magufuli huko Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakahamia huko. Aliyekuwa akiuza chakula, vocha au mabegi kwa abiria wa mabasi hayo pale Ubungo aliona wateja wake wakihama kilomita kadhaa. Kona ilibaki pale pale kwenye ramani, lakini soko lilihama.

Kuna pia hesabu ya watu badala ya magari. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, yalipewa mstari wao, na wenye magari binafsi walilalamika kwamba sekunde zao zimechukuliwa. Lakini basi moja refu lililojaa linabeba watu zaidi ya 100 katika zamu moja ya kijani. Magari madogo yenye watu wawili wawili yangehitajika zaidi ya 50, na kwa gari moja kila sekunde mbili, yangetumia zaidi ya sekunde 100 za mstari mmoja. Mwenye duka hauzii magari, anauzia watu. Sekunde inayopitisha watu wengi ndiyo yenye faida kwake, mradi kituo kiwe karibu na mlango wake.

LA KUFANYA

Mambo matatu yanafaa kudaiwa, na yanafaa kudaiwa na wafanyabiashara wenyewe kupitia vyama na masoko yao.

La kwanza, hesabu za magari ya makutano makubwa zichapishwe kila mwaka. Wakala wa barabara kuu, TANROADS, na ule wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, ulioanzishwa 2017, ndio wenye barabara. Karatasi moja kwa kila makutano inatosha: jumla ya mistari mizito, uwiano wake na uwezo, na mwaka wa kujaa kwa makadirio matatu. Dar es Salaam imekuwa na mpango mkuu wa usafiri tangu 2008, uliotengenezwa kwa msaada wa Japani na kupitiwa upya muongo uliofuata. Mipango ya namna hiyo husomwa na wataalamu. Karatasi moja ya kila kona ingesomwa na mwenye fremu.

La pili, kabla ya kuombwa fedha za barabara ya juu, ionyeshwe kwamba dawa za bei nafuu zimejaribiwa kwenye daftari: mistari ya kukata kulia, kuhamisha kituo cha daladala mbali na mdomo wa taa, kupunguza zamu, na kuziacha taa zifanye kazi pale zinapoweza. Makutano yatakayobaki yamezidiwa baada ya hayo yote ndiyo yanayostahili zege na vyuma. Mkopo wa taifa hulipwa na wote, hata na wasiopita Ubungo.

La tatu, mwenye mtaji ajifunze kuhesabu mwenyewe kabla ya kuweka saini. Kijana mmoja kila upande wa makutano, daftari, saa ya mkononi na robo saa ya msongamano wa asubuhi vinatosha kwa kuanzia. Idadi ya kila mstari izidishwe kwa nne. Ichaguliwe mistari mizito, ijumlishwe. Jumla ikiwa chini ya 1,200, kona ina umri. Ikiwa juu ya 1,400, mabadiliko yako njiani hata kama hakuna aliyeyatangaza, na mkataba wa miaka 10 kwa kodi ya juu hauna msingi. Kisha apimwe umbali kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wa fremu, na aulize ofisi ya barabara kuhusu hifadhi na michoro. Robo saa hiyo ya daftari ni nafuu kuliko X nyekundu.

Anayeuza sukari anajua kilo zake, na anayeuza vitenge anajua yadi zake. Jiji linalogawa sekunde 3,600 kwa saa, siku zote za mwaka, kwa mamia ya maelfu ya watu, halina sababu ya kugawa kwa macho. Nao wanaoweka fedha zao kando ya taa hizo hawana sababu ya kuendelea kununua kona bila kuuliza imebakiza umri gani.